Mlima Hauenei Kwenye Karatasi

Jumatatu: Lango la Sirimon hadi Old Moses

Lango la Sirimon liko upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, mita 2,650 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo tuliandikishwa, mizigo ikagawanywa, na begi langu la rangi likafunguliwa kwa udadisi zaidi kuliko ukaguzi. Kiongozi wetu, mzee aliyeanza kuupanda mlima huu ujanani, aliishika brashi yangu pana akaigeuzageuza.

“Dada, na hii ya kupaka ukuta umeibeba ya nini?”

“Hiyo ni ya mbingu, mzee.”

“Basi utaitumia asubuhi tu. Kuanzia saa sita mchana, huku juu hakuna mbingu.”

Nimechukua rangi za maji kwa sababu za kimlima kabisa. Rangi za mafuta hukaa mbichi siku nyingi, na turubai mbichi haibebeki mgongoni. Akriliki nayo haipatani na baridi. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi, haishikamani vizuri, na ikikauka huweza kupasuka na kubanduka. Rangi za maji ni kisanduku kidogo, brashi chache na karatasi nzito ya pamba, ile ya gramu 300 kwa mita ya mraba, isiyojikunjakunja ikilowa. Maji ya brashi yamo kwenye chupa ya chuma, maana chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi za Kenya tangu Juni 2020.

Sikuja kutengeneza picha za kutundika ukutani. Nataka michoro midogo, mingi, iliyojaa maandishi pembeni, ambayo baadaye itanizalia picha moja kubwa. Na kuna jambo linanisumbua tangu zamani: kwa nini picha nyingi za milima humfanya mlima awe mdogo? Mtu anasimama chini ya jabali la mita elfu nzima, moyo unamdunda, anatoa simu, anapiga, na simu inamrudishia kichuguu.

Njia ya leo ni fupi na rahisi, barabara ya gari inayopanda taratibu mpaka kambi ya Old Moses kwenye mita 3,300. Upande huu wa kaskazini ni mkavu kiasi kwamba mianzi haimo; unatoka kwenye podo na mierezi ukaingia kwenye miti ya hagenia, kisha vichaka virefu vya erika. Nilichora shina moja tu la hagenia, lililojisokota na kuning’iniza ukoga mrefu uitwao ndevu za mzee, wa kijani iliyopauka. Jua lilipozama, tambarare za Laikipia zilikuwa zimekwisha kufunikwa na ukungu wa vumbi. Nililala mapema.

Jumanne: Old Moses hadi Shipton’s

Kuna sehemu ya mlima ambayo karibu hakuna anayeichora, nasi leo tumeitembea kutwa. Baada ya Old Moses miti inaisha, na unabaki na mbuga za nyasi za vishungi, udongo mweusi uliolowa, mawe, na migongo ya vilima inayofuatana. Wapandaji wengi huipita vichwa chini, wakiiona ni kero ya kuvumilia kabla ya kilele. Mimi naona humu ndimo picha inamosimama au kuanguka, kwa sababu hii ndiyo ardhi inayompeleka mtazamaji kutoka miguuni pake hadi kwenye mwamba. Ukiichora kwa uvivu, kilele kitaelea hewani hata ukitie ufundi gani.

Mtu akiulizwa atasema nyasi hizi ni za kahawia. Nilichuchumaa kwenye kishungi kimoja nikaorodhesha: majani makavu ya rangi ya majani ya mkeka, mapya ya kijani ya kijivu, shina jekundu kidogo pale linapoingia ardhini, na kivuli chini yake cha zambarau inayokaribia weusi. Kando yake kulikuwa na maua makavu meupe yenye majani ya fedha, na jiwe lenye ukoga wa rangi ya chungwa. Kahawia ya kwenye tyubu haina hata kimoja katika hivyo. Njia iliyofanya kazi ni ya kuchanganya bluu ya ultramarine na sienna iliyochomwa moja kwa moja juu ya karatasi yenye maji, ziachwe zipigane zenyewe. Bluu hiyo ina chembe nzito. Hutulia kwenye vishimo vya karatasi wakati ile nyekundu ya udongo inaendelea kutambaa, na hapo unapata ardhi isiyo na rangi moja mahali popote.

Tulivuka mto Liki Kaskazini, tukapanda mgongo mkali uliokuwa ukituficha mbele, halafu ghafla bonde la Mackinder likafunguka na vilele vikasimama mwishoni mwake. Bonde hili lina jina la Halford Mackinder, ambaye tarehe 13 Septemba 1899 alifika Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huu, pamoja na waongoza milima wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, nao ndio watu wa kwanza wanaojulikana kufika huko. Niliomba tupumzike hapo. Wapagazi hawakusubiri kuombwa mara mbili.

Hapo nilifanya zoezi ambalo namshauri yeyote anayekwenda milimani na penseli. Nyoosha mkono kabisa, fumba jicho moja, halafu pima kilele kwa ncha ya penseli na kidole gumba. Kisha pima bonde lililo mbele yake. Vilele vilivyokuwa vimeujaza moyo wangu vilichukua kipande kidogo tu cha penseli. Bonde lilichukua karibu yote iliyobaki. Mkono ukiachiwa uhuru huuinua mlima na kuusimamisha wima kuliko ulivyo, na karibu kila mchoraji ana ugonjwa huo. Ajabu ni kwamba ukiurefusha hivyo hauongezeki ukubwa. Unakuwa mnara uliochongoka, karibu, wa kuchezea. Nilipouacha mdogo kama penseli ilivyosema, na bonde likabaki refu, tupu na lenye kuchosha, mchoro ulianza kuogofya.

Mawingu yalitufikia saa saba kasoro. Mzee alinitazama tu, hakusema neno kuhusu brashi yangu ya mbingu.

Jumatano: Shipton’s

Leo hatutembei. Tuko kambi ya Shipton’s, miili inazoea mita 4,200, na mimi nimepata siku nzima ya kukaa mahali pamoja.

Nilitoka nje kabla jua halijachomoza, nimevaa kila nilichobeba. Nililowesha karatasi kwa brashi pana nikaitandika bluu, na kabla sijafika ukingo wa pili ule wa kwanza ulikuwa umeganda. Si kuganda kwa kukakamaa tu: vijiti vya barafu vilichipuka kutoka pembeni, vikatawanyika kama vimechorwa kwa sindano, vikiisukuma rangi katikati yake hata ikawa mistari myembamba ya bluu iliyokolea. Wachoraji wa nchi za baridi hutia pombe kali kidogo kwenye maji yao ili yachelewe kuganda. Sikutaka. Ukiukimbiza ubao wenye karatasi juani barafu inayeyuka na mbingu yote inatiririka. Ukiuacha kivulini ukauke polepole, baadhi ya mistari hubaki. Nilipata mbingu moja ambayo mlima wenyewe umeichora nusu, nami nimeandika nyuma yake saa na mahali, basi.

Bluu yenyewe pia si ile ya kule chini. Juu yetu hapa hewa imepungua. Kwa mwinuko huu shinikizo lake ni karibu asilimia 60 ya lile la pwani, na kilichobaki cha kuutawanya mwanga ni kidogo. Ukiinua uso moja kwa moja juu, mbingu ni nzito, inaelekea weusi, halafu inapauka kadiri unavyoshuka kwenye upeo. Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, alipopanda Mont Blanc mwaka 1787 alibeba vipande vya karatasi vilivyopakwa bluu za ukolezo tofauti ili ailinganishe na mbingu ya huko juu. Nami nilifanya yangu ya kienyeji pembezoni mwa kitabu: viraka vitano, kutoka upeoni hadi utosini. Kamera ya simu inaisawazisha tofauti hiyo, hivyo nisingeyapata haya nyumbani kwa kutazama picha.

Kisha vilele. Tuko Februari, jua limeelemea kusini mwa ikweta, na Shipton’s iko kaskazini mwa Batian na jirani yake Nelion, vilele viwili virefu zaidi. Maana yake ukuta unaotutazama uko kivulini mchana kutwa, na theluji yake haiyeyuki haraka. Wapanda miamba huusubiri ukauke, wakaja kati ya Julai na Septemba. Kwa mchoraji, Februari ni bahati. Theluji iliyo kivulini si nyeupe hata kidogo. Ni bluu iliyochovywa kwenye kijivu, na mwamba unaoizunguka ni wa zambarau ya moshi. Weupe halisi, ule wa karatasi usioguswa na brashi, niliuweka mahali pamoja tu: uzi mwembamba kwenye ukingo wa juu wa Nelion ambapo jua lilikuwa linachungulia. Uzi ule mmoja ulifanya kazi yote. Nikiwa mtu wa kutoa amri, ningewanyang’anya wachoraji wote wa milima tyubu zao za rangi nyeupe.

Tatizo la ukubwa lilirudi pale nilipoleta mimea mbele. Bonde hili limejaa dendrosenecio, miti isiyofanana na mti: shina nene lililovaa majani yake yote yaliyokufa kama koti la kujikinga na baridi, na juu yake kichwa cha majani mapana ambayo hujifunga usiku kuukinga mchipuko. Mingine hufika mita 6. Lakini asiyewahi kufika huku hajui hivyo. Anapouona kwenye karatasi anaufikiria mmea wa bustanini unaomfika magotini, na papo hapo kila kilicho nyuma yake kinasinyaa ili kilingane nao. Mlima wa mita 5,199 unakuwa tuta nyuma ya maua.

“Mzee, tafadhali simama pale kando ya ule mrefu.”

“Nisimame kama nani?”

“Kama wewe mwenyewe.”

Alisimama, mikono mifukoni, kofia yake nyekundu ya sufu ikiwa haijafika hata katikati ya shina. Nilimchora kwa mapigo matatu ya brashi, urefu usiozidi kucha yangu. Sikugusa kitu kingine chochote kwenye mchoro, lakini shina lilirefuka, bonde likarudi nyuma, na Batian ikaondoka ikaenda mbali kabisa. Mtazamaji akishajua kipimo kimoja, atapima vingine vyote mwenyewe.

Mchana, mawingu yaliposhuka kwa wakati wake, niligeukia ardhini. Karibu na kijito kuna lobelia ya aina ya keniensis, inayokusanya maji katikati ya duara la majani yake. Asubuhi ile maji yalikuwa yamefunikwa kigae cha barafu, nami nilikigonga kwa ncha ya brashi kikalia. Chini yake maji hayakuwa yameganda, na ndiyo yanayoukinga mchipuko ulio ndani. Mita chache kutoka hapo ilisimama binamu yake, Lobelia telekii, yenye jina la Samuel Teleki aliyefika mlima huu mwaka 1887: nguzo ndefu ya manyoya ya kijivu, maua ya bluu yamejificha humo ndani. Hiyo huchanua mara moja tu maishani, ikafa. Ndege mmoja aina ya chozi, wa kijani inayong’aa, aliing’ang’ania akizamisha mdomo kwenye manyoya, nikapata muda wa kuchora mkia peke yake. Kuchora manyoya kwa rangi za maji kuna siri moja: usiyachore. Paka kivuli kilicho nyuma yake kwa brashi iliyokauka nusu, na karatasi itajifanya manyoya.

Jioni jua lilipita magharibi likawapiga Terere na Sendeyo usoni, vilele viwili vilivyo mashariki mwa kambi, vikageuka rangi ya tofali kwa muda mfupi ajabu. Hapa ikweta machweo hayana subira. Niliandika majina ya rangi tu, bila kuchora.

Maji machafu ya brashi nayaweka kwenye kopo lenye kifuniko, nitashuka nayo. Baadhi ya rangi zangu zina kobalti na kadimiamu, na kijito kinachopita hapa ndicho tunachotekea.

Alhamisi: Lenana, kisha Mintos

Tuliondoka saa tisa usiku kwa taa za kichwani. Sitaielezea njia, ilikuwa changarawe, giza, na pumzi zangu mwenyewe.

Kwenye Lenana, kilele cha tatu kwa urefu, mita 4,985, maji hayana kazi. Nilitumia penseli laini na namba: moja kwa giza kabisa, tano kwa weupe, kila eneo la mchoro likiandikwa namba yake. Glovu nilizivua kwa dakika moja moja. Jua lilipotoka kwenye zulia la mawingu upande wa mashariki, watu wote kileleni waligeukia huko na simu zao. Mimi nilifuata ushauri wa mzee nikatazama nyuma. Kivuli cha mlima mzima kilikuwa kimelala juu ya ukungu wa magharibi, pembetatu iliyonyooka kabisa, ingawa mlima wenyewe umevunjikavunjika kama ulivyo. Si umbo la kilele linaloonekana hapo. Kivuli ni kirefu mno hata kingo zake zinakutana kwa mbali, sawa na reli zinavyoonekana kukutana, kwa hiyo mlima wowote mrefu hutoa pembetatu. Kwa mtu anayetafuta namna ya kuonyesha ukubwa, hii ilikuwa zawadi.

Kusini, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, Kilimanjaro ilionekana. Kwenye mchoro wangu ni kipande cha mstari, namba nne juu ya namba tano.

Chini yetu kulikuwa na barafu ya Lewis, au mabaki yake. Ni miongoni mwa barafu za kitropiki zilizopimwa kwa muda mrefu zaidi, na vipimo vinaonyesha kuwa kati ya mwaka 1934 na 2010 ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake. Niliichora jinsi nilivyoiona, ya kijivu, imejaa vumbi na kokoto, na mwamba mtupu uliosuguliwa ukiizunguka kuonyesha ilipofika zamani. Nilishawishika kuipaka weupe kidogo, kwa huruma. Nikaiacha.

Tuliteremka upande wa Chogoria hadi kambi ya Mintos, kando ya vijiziwa vya Hall. Nililala mchana, sikuchora.

Ijumaa: The Temple na Gorges

Mtu akiniuliza achore wapi kwenye mlima huu, nitamwambia apite kileleni haraka aje hapa. Kutoka Mintos ni matembezi mafupi hadi ukingo uitwao The Temple, na hapo ardhi inakatika. Jabali linashuka wima karibu mita 300 hadi ziwa Michaelson, na kutoka ziwani bonde la Gorges linaelekea mashariki kati ya kuta zake mbili.

Guo Xi, mchoraji wa China wa karne ya 11, aligawa umbali wa milimani mara tatu: ule wa kutazama kutoka chini kwenda kileleni, ule wa kutazama kutoka mbele ya mlima kupenya hadi nyuma yake, na ule wa kutoka mlima ulio karibu kuelekea milima ya mbali. Tangu Jumatatu nilikuwa nachora wa kwanza tu, shingo imeinuka. Hapa Temple niliipata ile mingine miwili kwa kugeuza kichwa. Na nilielewa kwa nini picha za vilele huchosha: zote zinamweka mtazamaji chini, akiwa ameangalia juu, mahali ambapo hana cha kukanyaga.

Nilikaa mita mbili kutoka ukingoni, mzee akiwa amekaa kati yangu na shimo bila kuambiwa. Ziwa kutoka juu si bluu. Katikati ni jeusi, kandokando ni kijani ya chupa, na upande mmoja lilikuwa linarudisha mbingu nyepesi. Nyasi za ukingoni, zile za kahawia za Jumanne, nilizichora kubwa, kila jani, zikiwa karibu na mkono. Kisha nikaruka hadi ziwani bila kuchora chochote katikati. Nafasi hiyo tupu ndiyo mita 300 zenyewe. Ningeijaza mawe, ingejaa na kufupika.

Saa nne hivi wingu liliingia kutoka mashariki, likapanda bondeni chini ya miguu yetu. Ziwa likafutika. Nililowesha karatasi iliyokuwa imekauka, nikainyonya rangi kwa kitambaa pale wingu lilipopita, na mchoro ukawa na sakafu inayotembea.

Baadaye tulishuka mgongo mrefu hadi kwenye banda zilizo mita 3,000 hivi, erika zikirudi, kisha hagenia. Pimbi mmoja alitusindikiza kwa kelele kwa umbali mkubwa kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi: Msitu wa Chogoria

Upande huu hupokea mvua nyingi, kwa hiyo mianzi ipo, na kwa saa nzima rangi pekee ni kijani. Nilichora mianzi miwili kwa heshima tu.

Kabla ya kuondoka kwenye banda nilitandaza michoro yote sakafuni. Ile yenye kilele katikati, hata iliyochorwa vizuri, niliiweka kando. Nilichochagua ni kivuli cha ukuta wa kaskazini wa Jumatano, nyasi za Jumanne na ile nafasi tupu ya Temple. Picha kubwa itakuwa ya wima, nyembamba. Chini nyasi, kila moja kwa zamu yake. Juu yake bonde refu lisilo na tukio. Halafu miti ya dendrosenecio. Halafu ukuta wa bluu unaopanda mpaka unakatwa na ukingo wa karatasi kabla haujafika popote.

Mzee aliutazama mpangilio huo kwa muda.

“Na Batian iko wapi?”

“Iko juu ya karatasi, mzee. Haikuenea.”

“Watu hawatajua ni mlima gani.”

“Watajua ni mkubwa.”

Alifikiri, akaonyesha kwa kidole kile kialama chekundu kando ya shina. “Mimi je, nimeenea?” Nilimwambia yeye ndiye kipimo, hakatwi. Akaomba basi nisimfanye amekunja mgongo, kwa sababu siku ile kulikuwa na upepo, lakini kwa kawaida husimama wima. Nimeandika hivyo pembeni ya mchoro, chini ya namba za rangi.